Nyumba nzima ndani ya Fuso: tulivyomhamisha dada kutoka Tabora mpaka Bujumbura

Kabati la mninga ndo lilianza kupanda. Utingo alisema kitu kizito na kirefu kinakaa mbele kabisa, kiegemee ukuta wa bodi nyuma ya kebini, na nilivyomuona anavyolipima kwa macho tu nikajua hii kazi ina wenyewe. Ilikuwa Julai 2024, Tabora, Cheyo, nje ya nyumba aliyopanga dada yangu kwa miaka kumi na moja. Fuso imerudi kinyumenyume mpaka karibu na mwembe, watoto wa majirani wamejaa, mama kakaa kwenye kigoda anahesabu kila kinachotoka mlangoni.

Dada ni fundi cherehani. Shemeji ni Mrundi, mtu wa Rumonge, walikutana hapahapa Tabora, wakaoana, wakapata watoto wawili, halafu yeye akapata kazi Bujumbura akatangulia. Mwaka mmoja na nusu wakawa watu wa simu tu. Mwisho dada akasema basi, nahama, na nahama na kila kitu changu, siwezi kuanza kununua vijiko upya na umri huu. Mi ndo mdogo wake ambaye sina mtoto mchanga wala bosi wa kumuomba ruhusa, kwahiyo kazi ya kwenda na gari ikawa yangu. Dada na watoto wapande basi mpaka Kigoma, tukutane Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma.

Watu walishauri mengi. Kuna aliyesema weka kwenye treni, reli si ipo, tangu 1914 inafika Kigoma, halafu pale Kibirizi unatafuta boti ya mizigo inakupeleka Bujumbura kwa ziwa. Ni kweli na wafanyabiashara wengi wanafanya hivo. Ila hesabu vizuri: unapakia Tabora, unashusha Kigoma stesheni, unapakia tena gari la kwenda Kibirizi, unashusha, unapakia boti, unashusha Bujumbura, unapakia tena. Mtu anayesafirisha magunia ya chumvi hilo halimsumbui, gunia ni gunia. Nyumba ya mtu ina vioo, ina friji, ina droo ambazo hazifungi vizuri. Sisi tukataka kupakia mara moja na kushusha mara moja.

Sasa kupakia. Mi nilikuwa najua kwamba lori linajazwa. Dereva wetu, mzee mmoja tuliyekuwa tunamwita Anko kwa sababu ni rafiki wa marehemu baba, akanikalisha chini akaniambia mzigo wa nyumba ni mgumu kuliko sementi. Sementi ni nzito ila imelala chini. Nyumba haina uzito, ina urefu, na urefu ndo unayumba kwenye kona, na ukiyumba kamba zinalegea, na kamba ikilegea vitu vinaanza kusuguana, unafika una kabati lenye alama kama limekwanguliwa na paka. Kwahiyo chini kabisa wakalaza vizito: magunia matatu ya mchele, karanga, vyuma vya kitanda, miguu ya cherehani ile ya chuma. Friji ikasimama wima, haikulazwa hata kidogo, ikafungwa kwenye kabati. Magodoro hayakuwekwa juu kama nilivyotegemea, yalisimamishwa pembeni kwa pembeni yakawa kama kuta. Vioo vya dressing tebo vikafungwa kwenye vitenge na mapazia halafu vikachomekwa katikati ya magodoro. Madumu manne ya asali ya miombo, mama alisema mtu hatoki Unyamwezi akaenda kwa wakwe bila asali, yakakaa yamebanwa na mafurushi ya nguo. Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kiroba. Vichwa vya cherehani, vinne: vitatu dada alivitoa mwenyewe kwenye meza zake, akavifunga kila kimoja kwenye shuka, cha nne kilikuwa kwenye boksi lake, akasema hivi viwekwe ndani kabisa, chini, mbele, sehemu ambayo hakuna mtu atavigusa mpaka tufike.

Kumbukeni hiyo sentensi.

Mi kazi yangu ilikuwa orodha. Forodha wanataka orodha ya vitu vyote vya mtu anayehama, na nikaiandika vizuri sana, daftari la mistari, kwa mpangilio wa vyumba. Chumba cha kulala cha wazazi, chumba cha watoto, sebule, jiko, chumba cha kushonea. Kila kitu na idadi yake. Nikaipiga kopi tatu, mtendaji wa mtaa akaigonga muhuri pamoja na barua ya kuhama. Nilijiona nimemaliza.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri. Anko aliendesha kama kilomita thelathini akasimama pembeni, nikadhani pancha, kumbe anafunga kamba upya. Mzigo unajikalia, akasema, ukitoka nyumbani kamba inakaza, ukifika huku ishalegea, dereva ambaye hasimami hapa atasimama mbele kwa kupenda au kutopenda. Utingo akapanda juu ya turubai, akazunguka na kamba ya manila, akakaza, akashuka. Ile safari nzima walifanya hivyo mara sita, nilihesabu.

Niliwaza sana kuhusu hii njia tukiwa tunaelekea Urambo. Karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita ukanda huuhuu kutoka Unyanyembe, yaani hapa Tabora, kwenda Ujiji karibu na Kigoma, wanabeba mabegani na kichwani, kila mmoja mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kwa majuma na majuma. Mzigo ambao haukufungwa sawasawa ulikuwa unamla mtu bega kuanzia siku ya kwanza. Babu yangu mzaa mama alikuwa anasema mzigo haubebwi kwa nguvu, unabebwa kwa kamba, na mi miaka yote nilidhani ni maneno tu ya wazee.

Urambo, Kaliua, miombo, miombo tena. Kuna vipande vya barabara vilikuwa bado kwenye ujenzi, vumbi tupu, tukafunga vioo joto likatupika. Nguruka tukala samaki na ugali. Malagarasi tukavuka daraja la Kikwete, mto umetanuka na mabwawa yake pembeni, ndege weupe wengi, Anko akapunguza mwendo bila kuambiwa ili nione. Uvinza nikanunua chumvi, maana ile chumvi inatengenezwa kutoka kwenye chemchemi za maji ya chumvi za palepale kwa zaidi ya miaka elfu moja na Warundi wanaijua tangu mababu zao, nikaona ni zawadi ya mkwe isiyokosea. Saa mbili usiku tuko Mwandiga. Dada alikuwa ameshafika kwa ndugu zetu na watoto wamelala.

Hapo Mwandiga Anko alijaza tanki mpaka mdomoni. Mwaka ule mafuta Burundi yalikuwa adimu sana, shemeji alikuwa anatutumia picha za foleni za magari yamelala sheli. Ukienda na lori ujue mafuta ya kwenda na kurudi unayo tumboni mwa gari lako. Alipiga hesabu yake kwenye kiganja kwa kalamu, akaridhika.

Asubuhi tukaianza milima. Kutoka Mwandiga kwenda Manyovu ni kama kilomita 60 za lami na zote ni kupanda na kuzunguka, migomba, mihogo, na ukifika Kalinzi unaanza kuona kahawa. Hewa inabadilika, watu wamevaa masweta, mi niliyetoka Tabora nikajifunga kitenge cha dada mabegani. Gari ilikuwa inapanda na gia ya pili taratibu, watoto wanatupita kwa miguu wakipunga mikono. Kila kona nilikuwa namwangalia Anko kwenye kioo anaangalia mzigo, sio barabara, anaangalia mzigo kwanza.

Mpakani, upande wetu ni Manyovu na upande wa pili ni Mugina. Jambo la kwanza ambalo hakuna aliyenitahadharisha ni saa. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tulifika saa tatu na nusu asubuhi, na simu yangu ilivyoshika mtandao wa kule ikasema saa mbili na nusu. Ukiahidiana na mtu mpakani mwambie kabisa saa ya wapi, maana shemeji alituambia yuko pale saa nne na sisi tukamsubiri saa nzima tukidhani amekwama njiani.

Jambo la pili ni kadi ya njano. Tuliulizwa kadi ya njano, dada akatoa ya chanjo ya homa ya manjano, yule afisa akaiangalia akairudisha akasema sawa, na ya gari? Kumbe kuna kadi mbili za njano, moja ya mtu na moja ya bima ya gari ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na zote zinaitwa hivyohivyo. Anko alikuwa nayo, yeye ni mzoefu. Uhamiaji wetu hapakuwa na shida, pasipoti zikagongwa, watoto wakashangaa muhuri wao wa kwanza. Shemeji akafika na karatasi zake za Kifaransa, barua ya kazi, cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, akamkumbatia mkewe mbele ya watu wote na dada akasahau hata kumsalimia akaanza kumwambia friji imesimamishwa wima.

Halafu likaja suala la mzigo.

Kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki mtu anayehama makazi vitu vyake vya nyumbani alivyovitumia havilipiwi ushuru. Hilo tulikuwa tunalijua. Ila bidhaa za biashara ni kitu kingine, na afisa mmoja wa kike, mpole, anaongea Kiswahili kizuri tu, alipofika kwenye orodha yangu ukurasa wa tatu akasoma "cherehani 4", akauliza nyumba gani ina cherehani nne. Dada akaeleza ni fundi, ni zake, ni za siku nyingi. Yule mama akasema sikatai, ila lazima nizione. Ziko wapi?

Nikaangalia orodha yangu. Imeandikwa chumba cha kushonea. Lakini chumba cha kushonea hakipo tena, kuna lori. Hakuna hata mstari mmoja kwenye ile orodha unaosema kitu kiko wapi ndani ya bodi. Utingo ndo akajibu, taratibu, kwa huzuni kabisa: ziko mbele, chini, nyuma ya kila kitu.

Tukashusha. Vibarua wanne wa palepale, utingo, shemeji, mi, Anko yeye akasimama juu anaelekeza. Kuanzia mchana mpaka jua linaelekea kuzama. Na naomba niseme hiki kwa sababu ndo sababu hasa ya kuandika haya yote: sikuwa nimewahi kuona nyumba ya mtu ikiwekwa nje barabarani. Godoro la watoto lenye ramani za mikojo. Ndoo ya chooni. Sufuria iliyotoboka ambayo dada alikuwa anaitunzia vifungo. Mapazia ya harusi yake, yamepauka. Kila kitu kimeanikwa juu ya changarawe, wafanyabiashara wa maharage wanapita, madereva wanapita, kila mtu anaangalia maana jicho halina pazia. Dada alisimama katikati ya vitu vyake mikono kaifunga kifuani na sikuweza kumwangalia usoni. Alikuwa ameificha miaka kumi na moja ya maisha ndani kabisa, chini, mbele, sehemu ambayo hakuna mtu ataigusa, na mi kwa orodha yangu mbovu nikasababisha yote yaguswe.

Kuna kina mama walikuwa wamekaa pembeni na mizigo yao ya kichwani, wanasubiri wenzao. Hakuna aliyewaita. Mmoja akanyanyuka akaanza kukunja mashuka. Mwingine akachukua kanga yake akalifunika lile godoro. Halafu wakawa watano sita, wanakunja, wanapanga vyombo, wanawapa watoto ndizi. Utingo wetu ni Muha wa Kasulu, akawa anaongea nao Kiha na wao wanamjibu Kirundi na hakuna aliyehitaji kurudia neno. Mi nikabaki na "amahoro" (amani) na "urakoze" (asante) zangu mbili, nikazitumia mpaka zikaisha.

Vichwa vya cherehani vikafika. Yule afisa akavifungua kimoja kimoja. Vitatu vimechakaa, rangi imekwisha pale mkono unapopita, kimoja ni Singer ya zamani kabisa aliyoanzia kazi. Akamuuliza dada, hii inafanya kazi? Dada hakujibu. Akamwambia utingo aweke mguu wa chuma hapo chini, akakifunga kichwa, akatia uzi, akamuomba yule mama aliyefunika godoro ampe mkoba wake ambao mkanda ulikuwa umekatika umefungwa fundo. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashona ule mkanda, mistari miwili kwenda na kurudi, akakata uzi kwa mkasi wake mkubwa, akaurudisha. Ilichukua dakika mbili hazifiki. Sijui kama alifanya kumthibitishia afisa au kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kufanya.

Zile tatu zikapita kama vitu vya kuhama. Ya nne ilikuwa bado iko kwenye boksi lake, mpya, dada aliinunua kwa ajili ya kuanzia kule, hiyo tukailipia ushuru. Ilikuwa haki. Ilituuma lakini ilikuwa haki.

Kupakia upya tukamaliza giza limeingia, na Anko akagoma kushuka ile milima usiku na mzigo uliopakiwa kwa haraka. Dada, shemeji na watoto wakapata chumba, sisi tukalala kwenye gari. Kabla sijalala nikachukua daftari na tochi ya simu, nikaandika orodha mpya: mbele kushoto, mbele kulia, katikati chini, katikati juu, mlangoni. Utingo ananisomea kutoka kichwani mwake kila kitu kilipo, hakukosea hata kimoja. Kwa mtu yeyote anayehama kwa lori nakuomba, andika hivyo. Andika lori, usiandike nyumba. Na kile kitu unachokipenda kuliko vyote, kile ambacho utaulizwa, kiweke mlangoni.

Asubuhi tukaingia Burundi kwenyewe, na kule magari yanapita kulia. Fuso yetu usukani uko kulia kwahiyo Anko sasa yuko upande wa mtaro, haoni mbele akitaka kulipita gari. Akanihamishia dirisha la kushoto akasema leo wewe ndo macho yangu. Kutoka Mugina kupita Mabanda mpaka Nyanza-Lac ni kushuka, na yeye alishuka na gia ndogo injini inaguruma, breki anazigusa tu, akasema gia unayoihitaji kupanda ndo hiyohiyo ya kushukia. Mi nachungulia nasema "subiri, subiri, baiskeli… njoo." Sauti ilinikauka. Baiskeli za Burundi zinabeba ndizi kuliko pikapu, na wanaopanda mlima wengine wameshika nyuma ya malori.

Halafu ziwa likatokea lote kwa mara moja, Tanganyika ileile ya Kigoma ila ipo upande wa kushoto, na tukaifuata hadi mwisho. Rumonge ni michikichi kila upande, nikajiona niko Mwandiga. Ziwa lilikuwa limepanda miaka ile, kuna sehemu maji yamefika kwenye nyumba za watu, michikichi imesimama ndani ya maji. Kwa wakwe tulisimama nusu saa tu, asali na chumvi vikashuka kwa urahisi maana sasa vilikuwa mlangoni, mama mkwe akamshika dada mashavu kwa mikono miwili akakaa hivyo muda mrefu.

Bujumbura tuliingia jioni. Shemeji amepanga Buyenzi, na dada aliposhuka akasikia Kiswahili pande zote, mafundi gereji wanabishana, mtoto anatumwa dukani, mwadhini, akanigeukia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kumbe nilikuwa naogopa nini?" Vitu vya usiku wa kwanza nilivipakia mwisho kwa hiyo vilishuka kwanza: jiko la mkaa, sufuria, mkeka, mashuka ya watoto. Kioo kimoja cha dressing tebo kilikuwa kimepasuka, nadhani ni pale mpakani. Friji iliwaka.

Sisi tulirudi kesho yake na bodi tupu inagonga njia nzima. Tulivyovuka Manyovu simu ikaruka saa moja mbele, Anko akarudi upande wake wa kushoto wa barabara, akaniambia sasa unaweza kulala.

Wiki iliyofuata dada akapiga, ameshafungua kibanda, wateja wanakuja, ila hajauona mkasi wake, ule mkubwa, ameutafuta kila mahali kwa ile orodha yangu ya pili na haupo. Nikaenda mpaka kwa Anko. Ulikuwa chini ya kiti cha kebini, utingo aliutumia kukatia kamba ile jioni ya Mugina. Nimeufunga kwenye kipande cha kitenge, nautafutia mtu wa uhakika anayepita Manyovu.